Bwana Shaba Namba Ishirini na Nne

Leo sina tena hata kitabu kimoja.

Nilivitunza miaka thelathini na minne. Nilihama navyo nyumba nne, nikaolewa navyo, nikazaa navyo. Mwisho nikavichoma moto kwa mikono yangu, mchana kweupe, huku nikiomba upepo usirushe hata kipande kikaokotwa na mtu.

Nitafika huko. Kwanza niseme na yule aliyelikosa gazeti la wiki jana.

Nilisimulia jinsi Ezron, kijana wa Mbeya anayetaka kumwoa binti yangu Yusta, alivyokuja kwetu Ipogolo, Iringa, kutusalimia, akalikuta sanduku langu la bati liko wazi. Aliinua kitabu kimoja cha katuni, akakigeuza, akacheka.

"Mama, hata mama yangu anavyo hivi hivi! Ila vyake namba zinaruka. Mbili, nne, sita."

Vyangu vilikuwa moja, tatu, tano, mpaka ishirini na tatu.

Barua ya posa ilikuwa imeletwa na wazee wa ukoo wake. Mama yake mwenyewe tulimjua kwa jina la Mama Ezron tu. Nikamwuliza kijana, mama yako anaitwa nani hasa?

"Tusekile. Tusekile Jailos."

Nikashika ukuta. Hapo ndipo nilipowaachia.

Wengi mmeniandikia mkiuliza jina hilo lilinitisha nini. Nitasema. Mpaka safari ninayoisimulia leo, jambo hili nilikuwa sijamwambia mtu, si mume wangu, si mchungaji.

Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba yangu, Liberatus, alikuwa fundi seremala, na mara nyingi alikwenda Mgololo akakaa huko wiki mbili, tatu, akifanya kazi za ujenzi. Mimi na mama yangu, Rozalia, tulibaki hapa Ipogolo, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu.

Barabarani hapo alikuwa akipita dereva mmoja Mnyakyusa, Jailos, akibeba shaba kutoka Zambia kwenda Dar es Salaam. Mama aliniambia nimwite mjomba. Alikuwa akiegesha lori, anakaa uani kwenye kigoda, anakunywa chai, anaongea na mama kwa sauti ya chini, kisha anaondoka. Kila safari ya pili aliniletea kitabu kimoja.

Shujaa wa vitabu hivyo alikuwa mchimba madini aliyetumbukia kwenye tanuri la shaba. Hakufa. Alitoka ngozi yake imekuwa shaba tupu, risasi zinamdunda kama mvua kwenye bati. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu. Mimi nilimwita Bwana Shaba.

Nilivifunika kwa karatasi za mfuko wa saruji visichakae. Nilivisoma kwa kamusi ya kuazima, neno moja moja, nikiwa nimelala kifudifudi juu ya gunia la mahindi. Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza, na Kiingereza hicho sikukitoa darasani.

Lakini kila kitabu kiliishia pabaya, na kilichofuata sikuwa nacho. Namba ishirini na tatu ilimwacha Bwana Shaba ananing'inia juu ya kisima cha tindikali, kamba imebaki uzi mmoja.

"Mjomba, ishirini na nne iko wapi?"

"Hiyo haikuja, mwanangu."

Siku hiyo alipoingia kunywa chai, nilipanda ngazi ya lori nikachungulia kwenye kebini. Namba ishirini na nne ilikuwa juu ya kiti. Mpya. Juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino: *Tusekile*.

Wasomaji, wivu wa mtoto usiuone mdogo.

Baba aliporudi jioni ile kutoka Mgololo, nilimsubiri mlangoni. Sikumwambia nilichokiona. Nilimwambia uongo. Nilisema, "Baba, mjomba Jailos ukiwa hupo huwa analala humu."

Hakuwahi kulala kwetu. Hata siku moja.

Jailos alikuwa bado hajaondoka, lori lilikuwa na pancha. Baba alichukua watu wawili na nyundo yake ya kazi. Nilisikia kelele kule kwenye maegesho. Kisha baba akarudi, akamgeukia mama, akasema neno ambalo limeishi sikioni mwangu mpaka leo: "Na huyu mtoto naye si wangu!"

Mama hakukana. Alinyamaza tu, damu inamtoka puani.

Watu walisema dereva yule alifia Mafinga. Sikuuliza zaidi. Mama alipokuwa anakufa, mwaka 2011, alinishika mkono akasema, "Usimlaumu Jailos." Basi nikajua. Nilikuwa mtoto wa Jailos, na mimi ndiye niliyemwua.

Sasa mnaelewa kwa nini nilishika ukuta. Kama Tusekile ni mtoto wa Jailos na mimi ni mtoto wa Jailos, basi Yusta na Ezron ni ndugu. Na tangazo la ndoa yao lilikuwa limekwisha kusomwa kanisani mara mbili. La tatu ni Jumapili.

Ijumaa nikamwambia mume wangu, Shedrack, kuwa nakwenda Mafinga kumwona shangazi, anaumwa.

"Mpe pole," akasema.

Nikatia vile vitabu kumi na viwili ndani ya mkoba, nikapanda basi la Mbeya. Mafinga nilipita nimeyafumba macho.

* * *

Tusekile ni fundi cherehani pale Uyole. Alinijua kwa picha za Yusta, akatoka nje futi ya kupimia ikiwa shingoni.

"Kamwene, mkwe!" alinitania kwa Kihehe. "Mbona hukupiga simu? Si ningechinja kuku!"

"Ndaga, Mama Ezron." Hicho tu ndicho Kinyakyusa nilichokuwa nacho.

Ndani, juu ya meza ya kukatia, kulikuwa na kitambaa cheupe kimetandazwa. Alikuwa anashona gauni la mwanangu.

Nilitaka kusema pale pale. Lakini aliuona mkoba, akauona na mgongo wa kitabu kimoja ukichungulia, akapiga kelele.

"Ezron hakudanganya! Na mimi nilimwita mwongo!" Akakimbilia chumbani, akarudi na boksi la viatu. Akalisogeza gauni pembeni.

Akaweka namba mbili mezani. Akanitazama, anasubiri.

Nikaweka namba moja, kabla yake.

"Tatu," nikasema.

"Nne."

"Tano."

Tulipofika kumi alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Mkwe, niambie. Namba mbili inaanza Bwana Shaba yuko gerezani. Miaka yote hii sijui aliingiaje."

"Alijipeleka mwenyewe. Ili mwizi wa kweli ajione salama, ajitokeze."

"Kumbe!" Akajipiga paja. "Mimi nilijua wamemwonea! Nilimlilia bure!"

Nilikuwa sijawahi kuongea na mtu juu ya vitabu vile. Dakika kumi zile nilikuwa na furaha, naapa. Nilisahau kilichonileta.

Kisha akaweka ya mwisho. Ishirini na nne. Jalada lilikuwa na doa jeusi kubwa kuliko kiganja.

"Hii ni damu ya baba," akasema, sauti imeshuka. "Aliletwa nyumbani na utingo wake, mguu umevunjika mara mbili. Watu wa huko kwenu Ipogolo. Walisema mke wa mtu. Marehemu mama alilia mwaka mzima, na baba hakujitetea hata neno moja. Lori wakamnyang'anya. Mimi nikaacha shule, nikaanza kushona."

Nikasimama.

"Mama Ezron, watoto hawa hawawezi kuoana."

"Unasema?"

Nikamwambia. Yote. Kebini, jina lake kwenye jalada, uongo niliousema mlangoni, nyundo, neno la baba yangu. Nilisema haraka kama mtu anayetapika, nisije nikaacha katikati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta pumzi, akasema polepole:

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilikuwa nasoma darasa la saba. Nilikuwa wa pili darasani." Akaigonga ile namba ishirini na nne kwa kidole. "Kwa sababu ya katuni?"

Nikalitazama jina lake pale kwenye jalada.

"Na leo umenijia na hadithi nyingine. Ushahidi wako ni nini? Neno la mtu mwenye wivu na nyundo mkononi? Twende. Tukamwulize mwenyewe."

"Nani?"

"Baba."

"Jailos yu hai?"

"Yuko uani, anachambua maharage."

* * *

Alikuwa amekaa juani, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, ungo mapajani. Macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anachambua kwa kupapasa, jiwe anaweka kushoto, harage kulia.

"Shikamoo, baba," nikasema, kikohozi changu cha siku zote kikinikatiza.

"Marahaba. Sauti hii siijui."

"Mkwe wako huyu," alisema Tusekile. "Mama yake Yusta, kutoka Iringa."

Uso wa mzee ulichanua. "Karibu, karibu mkwe! Tusekile, kigoda!"

Nilipiga magoti badala ya kukaa. "Baba, mimi ni Faustina. Faustina wa Rozalia."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Mimi ndiye niliyekusemea kwa baba yangu. Nilisema uongo kwamba unalala kwetu. Nisamehe, au usinisamehe. Lakini niambie kitu kimoja. Mimi ni mwanao?"

Ungo ukainama mapajani mwake. Kuku walikuja wakadonoa maharage yaliyomwagika, hakuna aliyewafukuza.

"Hapana," akasema. "Wewe ni wa Liberatus. Una hata kikohozi chake, nimekusikia tangu ulipofika."

Nililia kwa sauti. Nikamshika Tusekile miguu. "Umesikia? Mama Ezron, umesikia? Si ndugu! Wataoana!"

"Nimesikia," Tusekile akasema, naye ameanza kulia. "Mungu mkubwa."

"Ngojeni," alisema mzee. "Tusekile, kaa chini."

"Nimeshasikia, baba."

"Kaa chini, mwanangu."

Akakaa.

"Mdogo wangu Anyelwisye humkumbuki. Alikufa kwa ajali Chimala, wewe bado hujazaliwa. Alikuwa na mchumba, binti wa Kihehe aliyekuwa anakaa kwa shangazi yake hapa Mbeya, anasoma. Alimwacha na mimba. Wazazi wake walikuja kumchukua, wakasema mtoto hatarudi naye, atakosa mume. Mke wangu hakujaliwa kuzaa. Akampokea mtoto yule akiwa na wiki tatu."

Tusekile alikuwa anamtazama mdomo.

"Binti yule aliitwa Rozalia."

Sikusikia tena kuku wala barabara.

"Sikuwa napita Ipogolo kwa mapenzi," mzee akaendelea. "Nilikuwa nampelekea mama habari za mtoto wake. Ameota meno. Ameanza shule. Liberatus hakuwa anajua, na Rozalia aliniapisha. Hivyo vitabu, niliokota vya kwanza viwili Ndola, nikataka kukupa vyote wewe, Tusekile. Yeye akakataa. Alisema, gawa. Huyu nusu na huyu nusu. Iko siku watatafutana ili wamalize hadithi."

Ndiyo maana mama alinyamaza siku ile. Angekana, angeulizwa basi dereva anafuata nini. Alichagua kuitwa malaya kuliko kumfichua mtoto wake.

Nikamgeukia Tusekile. Dada yangu. Tumbo moja.

Hakunikumbatia. Alisimama, akaingia ndani, akatoka na vile vitabu vyote ishirini na vinne vimekumbatiwa kifuani. Akaelekea kwenye mafiga ya kupikia, moto ulikuwa bado unafuka.

"Unafanya nini?"

"Nani mwingine anajua?" aliniuliza. "Mama yako amekufa. Mama aliyenilea amekufa. Baba hatatoka uani kwenda kumwambia mtu. Nimebaki mimi na wewe, na karatasi hizi."

"Tusekile! Wale ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo! Ni kaka na dada!"

"Ezron ni mwanangu wa pekee. Baba yake alimkimbia akiwa na mwaka. Miaka yote sijamwona akicheka kama anavyocheka tangu ampate Yusta." Akatupa namba moja motoni, kisha mbili. "Wewe ulisema mara moja, Faustina. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ukasema, ukamvunja huyu mguu, ukanivunjia shule, ukamtoa mama yako damu. Leo unataka kusema tena?"

Nikaitazama namba moja ikijikunja motoni.

"Nidai chochote unachotaka," akasema. "Ila mdomo wako unao deni kwangu. Nyamaza."

Mzee alikuwa amegeuza uso upande mwingine, machozi yanatiririka kwenye yale macho yasiyoona.

Naungama mbele yenu. Nilichukua namba tatu. Nikaitia motoni. Kisha tano. Tulikuwa tunapeana, mimi yangu, yeye yake, kwa mfuatano kama tulivyopanga mezani. Ya ishirini na nne sikuifungua. Nilitazama pembeni mpaka ikaisha.

* * *

Jumamosi jioni nilikuwa Ipogolo. Shedrack alikuwa sebuleni, redio imezimwa.

"Shangazi hajambo?"

"Anaendelea vizuri."

"Alipiga simu jana," akasema. "Anakusalimia."

Nilisubiri aseme zaidi. Akanyanyuka, akaenda kufunga banda la kuku.

Yusta alikuja chumbani kunionyesha viatu vyeupe. Alizunguka mara mbili, akaniuliza kama ni virefu mno. Nikamwambia vinampendeza. Akanibusu. Nikajifungia chooni, nikang'ata kanga nisisikike.

Jumapili kanisa lilijaa. Ezron alikuwa amekuja na basi la jana yake, amekaa upande wa vijana, shati jeupe. Yusta alikuwa pembeni yangu, Shedrack upande wa pili. Kwaya ya pili ilikuwa inaimba. Sikusikia walichoimba.

Kila nikifumba macho nilimwona Tusekile na boksi tupu la viatu. Nikifumbua, naona shingo ya mwanangu na mkufu aliopewa na Ezron. Nikisema, navunja nyumba ya dada yangu mara ya pili. Nisiposema, nawapeleka watoto wa damu moja kitandani kwa mikono yangu, kisha nisubiri wajukuu.

Mchungaji Benjamini akafungua kitabu cha matangazo.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho," akasoma. Akataja jina la Ezron. Akataja jina la Yusta. Wasichana wa nyuma wakapiga vigelegele vidogo, wakanyamazishwa.

"Kama yupo ajuaye sababu ya kuzuia ndoa hii, na aseme sasa."

Mara mbili zilizopita mchungaji alikuwa anameza mate tu na kuendelea. Safari hii alisimama, akavua miwani akaifuta. Sijui kwa nini. Labda jasho tu.

Nikashika benchi la mbele. Nikawaza, Mama, nisamehe. Dada, nisamehe. Nikaanza kuinuka. Nilikuwa bado sijanyooka pale mkono ulipotua begani kwangu, mzito, ukanirudisha kwenye kiti.

Ulikuwa mkono wa Shedrack. Na yeye ndiye aliyesimama.

Kanisa zima liligeuka. Yusta alisema, "Baba?" kama mtoto wa miaka mitano.

"Mchungaji," alisema mume wangu, sauti yake haitetemeki hata kidogo, "ndoa hii haiwezi kufungwa. Ila sababu ninayoijua mimi siyo ile aliyoifuata mke wangu Mbeya."

Hapa ndipo ninapowaachia leo.